Mikono inakakamaa njiani, nami naogopa kusema

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni afisa ugani wa kata moja wilayani Makete, mama wa mtoto mmoja, na mume wangu ni mwalimu ambaye kituo chake cha kazi kipo Njombe mjini. Wakulima wangu wanalima viazi, ngano na pareto, na vijiji vyao vimetawanyika juu ya milima na mabondeni kiasi kwamba bila pikipiki huwezi kufika viwili kwa siku moja. Pikipiki niliyokabidhiwa ni ile aina ndefu, yenye tairi za meno makubwa, na kabla yangu aliitumia mwenzangu wa kiume aliyehamishwa. Siku ya kukabidhiwa funguo, mkuu wa idara alisema mbele ya wenzangu, "Haya, tuone." Wakacheka, nami nikacheka. Tangu hapo nimekuwa nikiendesha nikijua kwamba natazamwa.

Tatizo langu ni mikono. Kwenye tambarare sina shida. Lakini ninapoteremka kwenye njia ya mawe, au ile iliyochimbwa makorongo na malori ya viazi, haipiti nusu saa kabla misuli ya mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kifundo, haijajaa na kuwa migumu hata nikiibonyeza kwa kidole haibonyei. Kisha nguvu za vidole hupungua, nikivuta breki ya mbele naona haivutiki. Nikisimama, vidole hubaki vimejikunja vile vile vilivyokuwa vimeshika usukani, na hunilazimu kuvinyoosha kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto kabla sijaweza kufungua begi na kutoa kishkwambi. Mkono wa kushoto nao huchoka kwa sababu ya klachi, ingawa si kwa kiasi hicho. Asubuhi za Juni na Julai, wakati umande umeganda kwenye majani, hali huwa mbaya zaidi. Siku hizi ganzi hunifuata hata usiku, nikaamka nikikung'uta mkono.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa nateremka kwenda kwenye shamba darasa, mkono ukagoma, pikipiki ikaingia mtaroni. Sikuumia. Wakulima walionitoa walisema ni utelezi, nami nikaitikia kuwa ni utelezi.

Ushauri nimeupata mwingi. Kijana mmoja wa bodaboda ameniambia nibinye mpira kila jioni ili mkono upate nguvu. Duka la dawa wananiuzia vidonge vya maumivu, ambavyo sasa navimeza kabla ya kutoka. Mama mkwe anasema baridi imeingia mifupani na hunichua kwa mafuta ya moto. Mume wangu anasema neno moja tu: niiache pikipiki.

Sasa imetangazwa nafasi ya ofisini, makao makuu ya wilaya, ya kushughulikia takwimu za wakulima wanaosajiliwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na mkuu wa idara ameuliza nani anaitaka. Mume wangu ananisihi niichukue. Mimi naipenda kazi ya shambani, na zaidi ya hayo, kata ya jirani ameajiriwa binti ambaye bado hajapewa pikipiki. Nikiondoka kwa sababu ya mikono, najua watakalolisema juu yake. Nikisema ukweli, naogopa kuonekana niliyeshindwa. Nikinyamaza, naiogopa miteremko. Wenzangu wa kiume wanapita njia hizo hizo na sijasikia mmoja akilalamika. Mikono yangu ni midogo, mama, na pengine ni kweli kwamba kazi hii haikuwekwa kwa ajili ya mikono kama hii. Nifanye nini?

Afisa Ugani, Makete

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuubeba mzigo huu peke yako.

Nikiielewa barua yako vizuri, unaniuliza kama uondoke shambani au ubaki, kama useme au unyamaze, na chini ya maswali hayo mawili lipo la tatu ambalo umelijibu mwenyewe kabla ya kuniuliza, yaani kwamba mikono yako haifai. Ningependa tuanze na hilo la tatu, kwa sababu mengine yote umeyajenga juu yake, na sioni kwamba lina ushahidi.

Misuli ya kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, imo ndani ya vyumba vilivyozungushiwa utando mgumu usiotanuka kwa urahisi. Misuli inayokaza muda mrefu bila kuachia hujaa damu na kuvimba, na kwa kuwa utando haupishi, shinikizo ndani ya chumba hupanda, damu hupita kwa shida, neva hubanwa, na mkono hufanya kile ulichokieleza: hujaa, hukaza, kisha hukosa nguvu. Kwa kawaida hulegea wenyewe ukipumzika. Waendesha pikipiki za mashindano wanaijua hali hii vizuri mno. Mwaka 2021, katika mbio za MotoGP zilizofanyika Jerez, Hispania, Mfaransa Fabio Quartararo alikuwa akiongoza, mkono wake wa kulia ukaisha nguvu, akamaliza wa 13. Alifanyiwa upasuaji siku chache baadaye, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia. Yule ni mwanamume, ni kijana, mazoezi ndiyo kazi yake, na njia yake ni lami tupu. Kwa hiyo unaposema wenzako hawalalamiki, mimi nasikia tu kwamba hawalalamiki. Kama hawaumwi ni jambo jingine, ambalo wewe na mimi hatulijui. Hata wewe hakuna aliyewahi kukusikia ukilalamika.

Hata hivyo, liko jambo katika barua yako ulilolipita haraka ambalo mimi limenisimamisha, nalo ni ile ganzi ya usiku. Misuli iliyovimba kwa kazi haikuamshi kitandani ukikung'uta mkono. Dalili hiyo huonekana zaidi kwa watu ambao neva yao imebanwa pale kwenye kifundo, na hapo ni muhimu sana kujua ni vidole vipi hasa vinavyokufa ganzi. Kikiwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, neva inayoshukiwa ni moja. Kikiwa kidole cha mwisho na jirani yake, ni nyingine, ambayo huweza kubanwa kiwikoni au kwa kiganja kuegemea usukani. Na iwapo asubuhi za baridi ncha za vidole hupauka, kisha zikawaka moto damu inaporudi, huenda mtetemo wa pikipiki umeanza kuisumbua mishipa midogo ya damu, ambayo baridi huibana zaidi. Kubanwa kwa neva ya kifundo hutokea zaidi kwa wanawake, hasa wakati wa ujauzito, na pia kwa wenye kisukari au tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa. Sikuulizi lolote kati ya hayo hapa hadharani. Nakuomba tu umruhusu daktari akuulize.

Mimi si daktari, na haya nimeyaeleza ili uingie hospitali ya wilaya ukiwa na maelezo yaliyopangika, kwa maana ukisema "mikono inauma" tu, utarudi na vidonge vile vile. Mwambie inaanza baada ya muda gani, inaisha baada ya muda gani, vidole gani, na usiku ikoje. Akiona inafaa, anaweza kukupa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Jambo moja tu halisubiri miadi: ikiwa umeanguka au umejigonga, kisha kigasha kikawa kigumu na maumivu yakazidi hata ukiwa umepumzika, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu misuli inayokosa damu huweza kuharibika ndani ya saa chache.

Kuhusu vidonge, nitakuwa mkali kidogo. Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, zikimezwa kila siku, zinaweza kulidhuru tumbo na figo, na kuimeza kabla ya safari kuna ubaya wa ziada: unaiondoa ile ishara inayokuambia usimame, wakati nguvu za vidole hazijarudi. Sijui unachouziwa ni kipi. Peleka pakiti kwa daktari aione.

Sasa tuitazame pikipiki, maana ilikuwa ya mtu mwingine, na katika barua yako yote sijaona mahali ulipoandika kwamba fundi aliirekebisha ilipofika kwako. Isimamishe mahali tambarare, ikalie, weka viganja kwenye usukani kama unavyoshika siku zote, kisha nyoosha vidole kuzifikia liva za breki na klachi. Je, zinafikiwa na maungio ya kati ya vidole au na ncha tu? Kama ni ncha, basi kila unapofunga breki unatumia nguvu nyingi kupita inavyotakiwa, na mkono mdogo hulipa zaidi. Liva nyingi zina skrubu ya kuisogeza karibu na usukani, au huwa zinauzwa nyingine fupi. Halafu simama kwenye vikanyagio, kwa kuwa kwenye makorongo nadhani husimama, na utazame kifundo: vidole vikiwa juu ya liva, mgongo wa kiganja na kigasha vinapaswa kunyooka mstari mmoja. Kifundo kikikunjika kuelekea juu, mwambie fundi alegeze bolti za kishikilio cha liva aizungushe kwenda chini kidogo. Ni kazi ya spana moja na dakika chache. Waya wa klachi uliokauka au ulioanza kuchanika uzi mmoja mmoja huufanya mkono wa kushoto ufanye kazi ambayo oili ingeifanya. Upepo wa tairi uliojazwa mpaka mwisho na shokomzoba za mbele zinazovuja hupeleka kila jiwe mikononi, ingawa kuupunguza upepo kupita kiasi nako kutakupasulia tairi kwenye mawe hayo hayo, kwa hiyo fuata kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Raba za usukani zilizokuwa ngumu zibadilishwe. Kata yako inajua kupima udongo kabla ya kushauri mbolea, na mimi naona pikipiki hii haijapimwa.

Kisha kuna namna ya kushika. Mtu aliyewahi kuanguka hukaza, na kila akikaza misuli hujaa mapema zaidi, naye akaogopa zaidi na kukaza zaidi. Usukani unashikwa kama mtu anavyoshika kifaranga, asimponyoke wala asimkabe. Nguvu ya kukushikilia juu ya pikipiki itoke miguuni: magoti yabane tangi, uzito ushukie kwenye vikanyagio, viwiko viwe wazi na vilegee. Kwenye mteremko ingia gia ya chini mapema, kabla mwendo haujashika kasi, ili injini ifanye sehemu ya kazi ya breki. Tumia breki ya nyuma pamoja na ya mbele, na iachie kila unapopata nafasi badala ya kuivuta moja kwa moja kuanzia kileleni hadi bondeni. Vidole viwili juu ya breki vinatosha ikiwa liva imerekebishwa, na vingine vibaki kwenye usukani. Begi zito la mgongoni lihamie kwenye keria, kwa kuwa mikanda yake hukandamiza mabega. Kuhusu baridi, mama mkwe wako hakukosea: mikono iliyopoa hushika vibaya. Glovu nene sana, hata hivyo, hukulazimisha kubana zaidi, na mikono ya koti yenye lastiki kali huzuia damu. Vile vifuniko vya turubai au ngozi ambavyo bodaboda wa maeneo ya baridi hufunga kwenye usukani huweza kukusaidia, mradi vidole viingie na kutoka bila kunasa na liva zifikike wakati wote. Ule mpira wa kubinya uuweke pembeni mpaka daktari aseme. Mkono unaogoma kwa sababu haukupumzika kushika hauponi kwa kushikishwa tena jioni.

Nadhani sasa unaona kwa nini siwezi kukuambia uende ofisini au ubaki. Haijulikani bado kama tatizo lako ni misuli, ni neva, ni liva, au ni yote kwa pamoja, na kila moja lina maana tofauti kwa uamuzi wako. Chukua mfano wa nafasi hiyo ya takwimu. Mume wako anaiona kama mapumziko ya mkono, na anakuombea hivyo kwa sababu anakaa mbali akisubiri simu kila siku ya mvua. Tafadhali usiisikie hofu yake kama dharau. Lakini ikiwa ni neva ya kifundo iliyobanwa, kuandika kwenye kompyuta tangu asubuhi hadi jioni, kifundo kikiwa kimekunjika juu ya ukingo wa meza, kunaweza kusiupumzishe mkono hata kidogo, nawe utakuwa umeiacha kazi unayoipenda bila kupata ulichokifuata. Kinyume chake, ikiwa daktari atasema mtetemo na baridi ndivyo vinavyokuumiza, ofisi itakuwa na uzito ambao leo huna sababu ya kuukubali wala kuukataa. Kwenda ofisini si kushindwa. Takwimu zisipokaa sawa, wapo wakulima watakaoikosa mbolea, na anayejua shamba huzisoma vizuri zaidi.

Kusema nako kuna hatari, sikufichi. Huenda mkuu wako akawa ni wa kuhesabu maneno, na ule utani wa siku ya funguo ukarudi. Ingawa, mwanangu, neno "tuone" umeishi nalo muda mrefu bila kumuuliza mwenyewe alikusudia nini, na inawezekana alilisahau kabla ya jioni. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwendea ukisema umeshindwa na kumwendea ukiwa na karatasi ya daktari na orodha fupi ya mahitaji: liva zisogezwe, waya wa klachi ubadilishwe, ziara za vijiji vya miteremko mirefu zisirundikwe siku moja. Mahitaji hayo angeweza kuyaleta mtumishi yeyote. Ukiona huwezi kuanza na yeye, anza na afisa utumishi, au na mwenzako mmoja unayemwamini.

Kunyamaza kuna hatari mbili. Ya kwanza unaijua, ni mteremko. Ya pili pengine hukuifikiria: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unawahusu watumishi wa umma na wa sekta binafsi Tanzania Bara, na hushughulikia ajali pamoja na magonjwa yanayotokana na kazi. Sikuahidi kwamba mkono wako utaingia humo. Nasema tu kwamba lile tukio la mtaroni halijaandikwa popote, na tatizo ambalo mwajiri hakuwahi kuambiwa ni gumu kulithibitisha baadaye.

Na yule binti wa kata ya jirani? Unataka kumlinda kwa kuvumilia, nami naiheshimu nia hiyo. Lakini pikipiki atakayopewa nayo huenda ikawa na liva zilizopangwa kwa mkono wa mtu mwingine, na katika wilaya nzima sijui ni nani mwingine anayeweza kumwonyesha pa kuweka spana. Kama utamwambia ukiwa bado shambani au ukiwa ofisini, hilo ni lako.

Mpaka uonane na daktari, safari zitakuwepo, kwa hiyo weka utaratibu wa kusimama juu ya mteremko kabla ya kuuanza, si katikati yake baada ya mkono kujaa. Zima injini, vua glovu, ning'iniza mikono chini, kunja na kunjua vidole mpaka uone vinatii, kunywa maji, kisha vuta breki mara moja ukiwa umesimama ili ujue ina nguvu gani siku hiyo. Ukiona haina, geuza au acha pikipiki kwa mwenyeji utembee kwa miguu. Wakulima wa Makete wamewasubiri wataalamu kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Kuhusu nafasi ya ofisini, hulazimiki kuitikia wiki hii kabla hujatoka hospitali. Muulize mkuu wako kwanza mwisho wa kupeleka jina ni lini, na kama anayeichukua anaweza kurudi shambani baadaye.